Somo: Kutengeneza rafu ya mbao isiyoonyesha vishikizo

Rafu hii huonekana kama imeota ukutani. Nguvu yake imefichwa ndani: papi moja (kipande chembamba kirefu cha mbao) iliyofungwa kwenye ukuta, na mikono inayotoka humo. Hapo ndipo pa kuweka muda wako.

Tutengeneze ya urefu wa sm 80 na kina cha sm 20. Kina usikizidishe, kwa sababu mzigo ukikaa ukingoni mbele ndio unaong'oa skrubu za nyuma.

1. Kata papi ya sm 4 kwa 4, urefu sm 78, iliyokauka vizuri. Gundisha mikono minne ya sm 13, kila mmoja upigwe skrubu ndefu kutoka mgongoni. Umbo litakuwa la kitana.

2. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa swichi na soketi. Nyaya hupita humo. Weka papi, ipime kwa pimamaji, tia alama za matundu kila sm 25 hivi. Toboa ukuta kwa ncha ya mm 8 na utazame vumbi. Kwanza hutoka la plasta, kisha rangi hubadilika ukifika kwenye tofali. Plasta haibebi kitu, kwa hiyo anza kuhesabu kina hapo: angalau sm 4 ndani ya tofali. Puliza vumbi lote, gonga plagi za plastiki (vile vijiti vya kushika skrubu tunduni) mpaka zipite plasta, kisha funga skrubu za mm 6 kwa 100.

Kabla hujakaza, chomeka karatasi nyuma ya papi. Ikipenya, ukuta una bonde: weka kipande chembamba cha plaiwudi hapo penye skrubu, la sivyo papi itapinda.

3. Sanduku, yaani rafu yenyewe itakayofunika papi na mikono, ni plaiwudi ya mm 9 juu, chini na mbavuni, ubao mbele, nyuma wazi. Nafasi ya ndani izidi unene wa papi kwa mm 1 tu. Piga msasa, paka vanishi, likikauka lisukumie kwenye mikono. Malizia kwa skrubu fupi kutoka juu kuingia kwenye papi, karibu na ukuta. Hizi msiziruke jamani! Mzigo ukiwekwa, plaiwudi ya juu ndiyo inayovutwa.

Maswali

*Fundi, ukuta wangu ni wa jasi. Nifanyeje?*
Pitisha sumaku ndogo. Itanasa penye skrubu zilizoshika jasi, na nyuma yake kuna mhimili. Ukiwa wa mbao, funga papi humo moja kwa moja, bila plagi.

*Naweza kutumia ubao mmoja mzima?*
Unaweza, kwa fimbo za chuma. Ila matundu marefu ya nyuma lazima yanyooke kabisa, na kwa drili ya mkononi ni kazi ngumu. Sanduku pia ni jepesi zaidi.

*Yangu imeinamia mbele kidogo. Niibomoe?*
Hapana, ndugu yangu. Toa sanduku, legeza skrubu, chomeka kabari nyembamba nyuma ya papi upande wa chini, kaza, kisha pima tena. Skrubu ikizunguka bila kukaza, tundu limeshalegea. Toboa jingine sm 5 pembeni.