Vijana, msisubiri Mengineyo: namna ya kuomba ardhi ya kijiji

Mara ya kwanza tulipoomba shamba, nilisimama kwenye Mengineyo. Hiyo ndiyo ajenda ya mwisho. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, kivuli cha mwembe kimeshatuhama, kina mama wanajifunga vitenge upya waondoke. Niliongea, nikapigiwa makofi. Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia, mwanangu." Baada ya miezi mitatu nikaomba kuona muhtasari wa siku ile. Hoja yangu haikuwamo hata kwa mstari mmoja.

Sisi tuko kando ya Mto Mkondoa, wilayani Kilosa. Tulikuwa tisa, watano wasichana, wote tunalima mboga kwenye vipande vya kukodi. Ukishang'oa magugu na visiki, mwenye shamba anakumbuka kwamba analihitaji. Halafu watu husema vijana hawapendi kilimo.

Kabla ya kuandika chochote, jueni sheria imewapa nini. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Mwenye ekari mia na asiye na hata tuta, kila mmoja ananyoosha mkono mmoja. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo nyie mkibaki kijiweni siku ya mkutano, ardhi wataigawana waliokuja.

Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, siku ya kazi, wawili au watatu tu. Mkienda kumi ataona mmekuja kwa shari. Msiulize kama kuna ardhi, jibu mnalijua. Ulizeni ipi ni ya pamoja, kama malisho na msitu, na ipi ni ya akiba, yaani ile inayoweza kugawiwa. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombeni kuuona. Sisi ndipo tulipogundua kuna eneo chini ya mfereji wa zamani ambalo halina mtu.

Kisha andikeni barua kwa halmashauri ya kijiji. Halmashauri hukaa kila mwezi, mkutano mkuu kila miezi mitatu, kwa hiyo barua iwahi kikao kile cha halmashauri kinachopanga ajenda. Tajeni eneo, ekari, mtalima nini, na majina yenu yote yenye sahihi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, mrudi nayo. Hiyo nakala msimwachie mtu. Yetu niliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro.

Sasa kazi ambayo haimo kwenye sheria yoyote: wazee. Jioni tatu kabla ya mkutano tulipita kwa wazee wanaosikilizwa. Wa kwanza, tulipomaliza shikamoo na habari za mifugo, alitega sikio mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Mtailima au mtaiuza?" Tukatazamana. Hatukuwa tumeliwaza. Usiku ule tukaandika karatasi ya ahadi kwamba hakuna atakayeuza wala kukodisha, na anayehama kijiji anaacha sehemu yake kwa kikundi. Karatasi hiyo ndiyo iliyotuombea kuliko mimi.

Siku ya mkutano aongee mmoja, dakika tano. Anzeni na "wazazi wetu", msianze na "haki yetu", hata kama ni haki. Wenzenu wa bodaboda waombeni waegeshe pikipiki kwa saa mbili. Mkutano wetu huitishwa saa nne asubuhi, muda wao wa abiria, nao ni kura. Kila mmoja asaini daftari la mahudhurio. Kabla watu hawajatawanyika, ombeni katibu, ambaye ni huyohuyo mtendaji, asome azimio kama alivyoliandika. Wetu alisoma "vijana waangaliwe". Tukaomba iandikwe ekari na eneo. Palichafuka kidogo, lakini iliandikwa.

Mkutano unaofuata fikeni mapema kwa ajili ya Yatokanayo, ajenda ya kufuatilia yaliyoamuliwa mkutano uliopita. Hapo ndipo azimio hufufuka au huzikwa. Jazeni pia maombi ya hatimiliki ya kimila, yaani cheti cha kumiliki ardhi ya kijiji, kwa jina la kikundi. Sheria inaruhusu kikundi kumiliki, inaipa halmashauri siku 90 kuamua, na inakataza maombi ya wanawake kudunishwa mbele ya yale ya wanaume. Hili la mwisho nililisoma kwa sauti, kwa sababu kuna mjumbe alituuliza tukiolewa itakuwaje.

Mikopo ya halmashauri ya wilaya, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengewa vijana bila riba, ifuateni baadaye. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na afisa maendeleo ya jamii atataka kuona mradi uko wapi. Mkiwa na shamba mnamwonyesha.

Tuliomba ekari kumi, tukapata nne, moja ina maji ya kutuama. Mkipewa, msisubiri mvua. Siku hiyohiyo mwiteni mtendaji na majirani wa pande zote, mpime kwa kamba, mpande minyaa mipakani huku wote wanaangalia.