Kuamsha Corolla KE70 kwa hewa ya Mbeya: kutoka 4K kwenda 5K

1. Kompresheni kabla ya spana

Washa injini mpaka ishike joto, izime, toa plagi zote nne na waya wa koili. Funga geji ya kompresheni (inapima shinikizo ndani ya silinda) kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko sita hadi minane kwa kila silinda. Betri iwe na chaji ya kutosha. Betri iliyochoka inadanganya.

Hapa ndipo 4K nyingi, injini iliyomo kwenye KE70 yako, zinapouawa bure. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Silinda inayosoma kilo 12 kwa sentimita ya mraba Dar itasoma chini kidogo ya 10 Mwanjelwa, hapa Mbeya, na ringi ni zilezile. Fundi analinganisha na kitabu, anatangaza ringi zimekwisha, injini inashushwa, inapigwa boringi, halafu geji inasoma karibu palepale. Usitafute 12. Tafuta tofauti kati ya silinda: isizidi kilo 1. Iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Na zikiwa mbili zinazopakana, shuku gasketi ya hedi. Geji ya vakyumu (mnyonyo wa injini) nayo ina uongo huohuo: inchi 18 za zebaki za pwani ni 12 au 13 hapa.

2. Injini

Funga 5K ya cc 1,486 badala ya 4K ya cc 1,290. Kuna watakaokushawishi uweke mashine ya kamshafti mbili. Waache na waya zao. 5K ni ya ukoo uleule, inakaa kwenye giaboksi yako, na imetembea humu ndani ya LiteAce na TownAce. Hamisha sampu (bakuli la oili) ya 4K pamoja na bomba la kunyonya oili. Ukihamisha sampu peke yake, bomba linaweza kunyonya hewa kwenye kona, na beringi hazisubiri. Boliti za hedi zikazwe kwa awamu tatu, kutoka katikati kwenda nje, hadi karibu Nm 60.

3. Tapeti

Nafasi ya valvu, injini ikiwa ya moto: ingizo mm 0.20, ekzosti mm 0.30. 5K za baadaye zina lifta za oili, hizo fila geji (bapa la kupimia nafasi) haizihusu.

4. Kabureta

Moshi mweusi na plagi nyeusi kama sufuria ya kuni: petroli imezidi hewa. Kwanza hakikisha choki inafunguka yote, floti haijajaa petroli, na filta ni safi. Baada ya hapo shusha jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) kwa asilimia 4 hadi 5 ya kipenyo. Iliyoandikwa 100 iwe 95. Nunua jeti. Ile tabia ya kuziba tundu kwa risasi na kulitoboa upya kwa sindano sitaki hata kuisikia, maana namba yake haijui mtu.

Panda Mlima Nyoka kwa gia ya tatu, mafuta yote. Kanyaga klachi, zima swichi hapohapo bila kuchomoa ufunguo, egesha pembeni. Kaure ya plagi iwe rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli ni kidogo. Rudisha jeti kubwa.

Ukishuka mlima Kitonga wa Iringa kwenda Morogoro, hesabu inageuka. Hewa ya huko ni nzito, jeti ya 95 inabana petroli na pistoni zinachemka. Ile 100 ikae kwenye droo ya dashibodi pamoja na bisibisi yake.

5. Taimingi

Nafasi ya pointi za distribyuta iwe mm 0.45. Chomoa bomba la vakyumu kwenye distribyuta, lizibe, cheche ianzie nyuzi 8 kabla ya pistoni kufika juu, kisha ongeza hadi 10 au 12. Ukisikia misumari ikigongana kwenye kopo mlimani, punguza 2. Ukishuka kwenye joto la nyanda za chini, rudi 8.

6. Breki

Bustaa, inayoongezea mguu wako nguvu ya breki, inategemea vakyumu hiyohiyo iliyopungua. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano, shikilia pedali, washa. Lazima izame kidogo. Isipozama, badilisha kwanza valvu ya njia moja kwenye bomba lake kabla ya kulaumu bustaa yenyewe.