Mazoezi ya nchi kavu kwa muogeleaji: kiuno kwanza, kisha bega

Miguu ikizama unapoogelea mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipokezana), usikimbilie kuilaumu. Mara nyingi kiuno ndicho kilicholegea: mwili unapinda katikati, maji yanauzuia, na nguvu ya mikono inaishia hapo. Ndiyo maana nchi kavu hatutafuti kifua kipana. Tunatafuta mwili unaobaki umenyooka huku mikono na miguu ikichapa kazi. Dakika 30, siku mbili au tatu kwa wiki, zinatosha. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, fanya saa 12 asubuhi au jua likishapoa, na maji ya kunywa yawe karibu.

Vifaa ni mkeka na mpira. Mwombe fundi baiskeli wa mtaani tyubu iliyokwisha, ikate penye vali na uioshe. Utapata mpira wa karibu mita 2. Ukague nyufa kila mara, maana ukikatika umevutwa unaweza kukupiga jichoni.

Pasha mwili dakika 5, kisha anza na zoezi lenye faida kuliko yote. Lala chali, bonyeza kiuno mpaka kiganja kisipite kati yake na mkeka. Nyoosha mikono nyuma ya masikio, kiganja juu ya kiganja, kama unavyojisukuma kutoka ukutani bwawani. Sasa inua mabega na miguu, visigino viwe sentimita 20 hivi kutoka chini. Kaa sekunde 20, pumzika 30, rudia mara 4. Pumua, wengi hubana pumzi, halafu wanashangaa wakichoka haraka majini.

Kiuno kikiachana na mkeka, zoezi limeisha hata kama sekunde bado. Hapo misuli ya nyonga imechukua kazi ya tumbo, na kesho kiuno kitauma. Usivumilie: pandisha miguu juu zaidi au kunja magoti. Malizia na planki ya ubavu, yaani kujiinua kwa kiwiko ukiwa umelalia ubavu, mwili umenyooka, sekunde 20 kila upande, kwa kuwa mtindo huru huogelewa mwili ukigeuka ubavu hadi ubavu.

Bega linahitaji uangalifu. Kuogelea hukaza kifua na misuli inayovuta mkono kwa ndani, ile midogo ya nyuma ya bega ikabaki dhaifu. Funga mpira kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kunja kiwiko nyuzi 90, bana taulo kati yake na mbavu, kisha vuta mkono kwenda nje taratibu na uurudishe taratibu zaidi. Mara 15, seti 3 kila mkono. Ukijikuta unageuza kiwiliwili, mpira ni mzito. Sogea karibu na nguzo. Maumivu makali mbele ya bega ni ya kusimamisha zoezi na kumwona mtaalamu.

Kwa miguu, skwati (kuchuchumaa na kuinuka) 12 kwa seti 3, kisha kuruka juu mara 6 kwa seti 3. Ukienda Coco Beach, rukia kwenye mchanga mgumu maji yakipwa. Ule laini unameza nguvu, na ukuta wa bwawa unaojisukuma kutoka kwake haudidimii.

Siku yenye bwawa, ogelea kwanza. Bega lililochoka hushusha kiwiko, na mwili unazoea kosa hilo. Ongeza sekunde 5 kila wiki kwenye zoezi la chali. Ukifika 45 kiuno kikiwa bado kimegusa mkeka, anza kupiga miguu kidogo kidogo ukiwa hapohapo.