Kushirikisha wadau kwenye mradi wa mfumo: anzia kwenye mizani

Msimu wangu wa kwanza kama mchambuzi wa biashara, yaani anayekusanya mahitaji ya watumiaji kabla mfumo haujajengwa, kwenye mradi wa kupokea korosho kwa vishikwambi badala ya daftari, niliingia mkoani Mtwara na orodha ya wadau niliyoiamini sana: mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wajumbe wa bodi, meneja, chama kikuu cha ushirika, afisa ushirika wa wilaya, benki. Niliwahoji wote, na wote wakasaini hati ya mahitaji. Oktoba minada ikaanza. Wiki mbili hazijaisha, vishikwambi vyetu vilikuwa kabatini, vimefungiwa, na kazi imerudi kwenye daftari. Aliyevifungia ni karani wa mizani, ambaye sikuwahi kukaa naye hata nusu saa.

Alikuwa na sababu zake. Skrini yetu ilichukulia kwamba kila gunia linaletwa na mwenye nalo. Kumbe kijana mmoja huja na magunia matano: mawili ya kwao, mawili ya bibi yake, moja la jirani anayeumwa. Skrini ilitaka namba ya mkulima, na wengi kwenye foleni hawaikumbuki. Akitafuta kwa jina, wanatokea watu wanne wenye majina yaleyale. Foleni ikafika barabarani, jua linawaka, watu wanapaza sauti. Karani akaamua kuhudumia watu, na alifanya sawa.

Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia tangu msimu ule. Mifano ni ya korosho kwa sababu ndiko nilikofanya kazi kwa muda mrefu, ila ukiwa kwenye SACCOS, zahanati au idara ya manunuzi unaweza kuzifuata hivyohivyo.

Hatua ya 1: Fuata gunia, kisha ndipo uandike orodha

Wachambuzi wengi huanza na muundo wa taasisi: nani yuko juu, nani yuko chini yake. Muundo huo unakuonyesha wenye vyeo tu. Chukua kitu chenyewe ambacho mradi unakihusu, ukifuate kwa miguu tangu kinapoanzia hadi kinapoishia, na umwandike kila anayekigusa.

Kwa korosho: mkulima anakausha na kuchambua nyumbani. Analeta AMCOS, karani anapima na kuandika, mkulima anapewa stakabadhi yake. Vibarua wanapakia, dereva anasafirisha hadi ghala kuu. Mwendesha ghala anapima upya, anaangalia unyevu na ubora, anatoa stakabadhi ya ghala chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mzigo unaingia mnadani, mnunuzi analipa, fedha zinapita kwenye makato, na mwisho zinaingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Nilipoifuata njia hiyo mwenyewe, orodha yangu ya wadau sita ikawa ya watu kumi na nne. Kati ya wale wanane wapya alikuwemo mlinzi wa ghala la kijiji, ambaye ndiye anayejua gari gani limeondoka usiku na magunia mangapi.

Hatua ya 2: Mbele ya kila jina, andika atapoteza nini

Jedwali la nguvu na maslahi, lile linalowagawa wadau katika makundi manne, linafaa, na mimi nalitumia. Lakini naongeza safu moja ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: mfumo huu ukifanya kazi, mtu huyu atapoteza nini? Inaweza kuwa muda, posho, heshima, siri, au nafasi ya kusema "sijui".

Hapa ndipo niligundua jambo ambalo hakuna aliyelitamka kwenye mahojiano yangu ya kwanza: unyaufu. Korosho hupungua uzito zinapoendelea kukauka. Kilo zilizopimwa kijijini si lazima ziwe kilo zilezile ghala kuu. Tofauti hiyo nani anaibeba? Kwenye daftari inaweza kumezwa kimyakimya. Kwenye mfumo inaonekana siku hiyohiyo, ikiwa na jina la karani na saa aliyopima. Karani anaogopa ataitwa mwizi, dereva anaogopa vivyo hivyo, mwendesha ghala hataki mizani yake itiliwe shaka, na mkulima anayekatwa anataka kujua kwa nini. Ni watu wanne wenye hofu nne zinazotokana na tarakimu moja. Usipoijua hofu hiyo mapema utaambiwa "mtandao unasumbua", na utapoteza miezi ukishughulika na mtandao.

Hatua ya 3: Nenda alipo, kabla hujamwita kikaoni

Fanya ziara hizi kabla ya msimu. Siku ya mnada hakuna mwenye nafasi na wewe. Mpigie mwenyekiti kwanza umweleze unataka kukaa na nani na kwa nini. Ukimruka, hata kama hana kinyongo, watu wake watasita kuzungumza. Ukifika kijijini ripoti ofisi ya kijiji, amkia wazee, usiwe na haraka ya kufungua kompyuta. Mimi huiacha kwenye gari, natumia daftari. Kompyuta ikiwa mezani, mtu huongea kama anatoa ushahidi.

Maswali pia yanahitaji kufikiriwa. "Unahitaji nini kwenye mfumo?" ni swali linalomtwisha mtu kazi yako. Jaribu haya:

- "Mzee, hebu nionyeshe jinsi ulivyopima gunia la mwisho msimu uliopita."
- "Siku foleni ilipokuwa ndefu kuliko zote, kilitokea nini?"
- "Mama, ukipokea stakabadhi unaangalia nini kwanza?"
- "Kwenye daftari lako, hizi alama za pembeni zina maana gani?"

Swali la mwisho lilinipa zaidi ya mahojiano yote ya bodi. Karani mmoja alikuwa anaweka nukta pembeni ya kila gunia aliloliona bado lina unyevu, ili mzigo ukipungua aweze kujieleza. Hilo ni hitaji la mfumo, tena la msingi, na lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa karatasi miaka yote hiyo.

Hatua ya 4: Rudisha ulichosikia ndani ya wiki

Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, umsomee mtu kwa sauti. Hati ya kurasa arobaini husainiwa bila kusomwa, na saini ya namna hiyo haitakusaidia Oktoba. Akisema "hapo hukunielewa", umepata faida.

Kama amekueleza jambo la siri, muulize waziwazi kama liandikwe au lisiandikwe. Na kwa kuwa sasa unashika namba za simu na akaunti za wakulima, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: orodha hizo hazirushwi kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kila mtu kazini anafanya hivyo.

Hatua ya 5: Kikao kiwe cha kuamua

Kila jambo zito litakalofika kikaoni liwe limeshazungumzwa na kila anayeguswa nalo, mmoja mmoja. Mtu mzima akishangazwa mbele za watu hujitetea, na akishajitetea hadharani ni vigumu kurudi nyuma.

Suala la unyaufu nililipeleka hivyo. Kwanza karani na dereva, kisha mwendesha ghala, kisha meneja na mwenyekiti. Tulipokutana wote, tayari kila mmoja alijua mwenzake anaogopa nini. Walikubaliana mambo mawili: unyevu upimwe na kuandikwa kijijini pia, na tofauti ya uzito ioneshwe kwenye mfumo kama kiasi cha mzigo mzima, bila jina la mtu. Suluhisho lilikuwa lao, na mimi niliandika tu.

Kuhusu posho, weka wazi kwenye barua ya mwaliko: kuna nauli, kuna chakula, kiasi gani. Muhtasari wa kikao uwe na safu tatu tu: kilichoamuliwa, nani aliamua, lini kitaanza.

Hatua ya 6: Skrini ya karatasi kwanza

Chora skrini kwenye karatasi ngumu, mpe karani, leta magunia matatu ya kweli na kijana aliyetumwa na bibi yake. Mwache apime huku wewe umekaa kimya. Usimwelekeze. Kila anapokwama, weka alama. Jaribio la saa moja namna hii lilituondolea sehemu sita za kujaza ambazo hazikuwa na kazi, na likatupa kitufe kimoja ambacho hakuna mtaalamu wetu aliyekiwazia: "Analeta kwa niaba ya."

Waprogramu wawepo siku hiyo. Maelezo yangu ya mdomo hayawezi kulingana na wao kumwona mtu anayetokwa jasho akitafuta kitufe.

Hatua ya 7: Endelea kuwasiliana hata pasipo na jipya

Kila Ijumaa napiga simu tano. Si kila karani ana simu janja, kwa hiyo kundi la WhatsApp pekee huwaacha nje walewale unaowahitaji. Nawaambia kilichobadilika, na kama ombi lao limekataliwa nawaeleza limekataliwa na nani na kwa sababu gani. Watu huvumilia kukataliwa; kinachowavunja moyo ni kuulizwa maoni kisha kimya.

Siku ya kwanza ya msimu uwe kwenye mizani kabla foleni haijaanza, ukiwa na karatasi za ziada za mashine ya stakabadhi, betri ya akiba, na daftari moja tupu. Daftari hilo mpe karani mkononi, umwambie kwamba mfumo ukigoma aandike humo, na jioni mtaingiza pamoja.