Gari yako ya kwanza ni kadogo na ina turbo? Soma hii kabla hujaongeza busti

Gari yangu ya kwanza ilikuwa Toyota Starlet GT Turbo, ile EP82 yenye injini ya 4E-FTE. Injini ni cc 1331 tu lakini kiwandani ilitoka na nguvu ya farasi kama 135 na uzito wake haufiki hata kilo 900, kwa hiyo ukikanyaga unaelewa. Nimeshaendesha gari zenye nguvu kuliko ile na bado hamna iliyonipa raha kama yake. Ndo maana nikiona mtu kapata turbo yake ya kwanza alafu swali lake la kwanza ni "niongeze busti ngapi", yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini, roho inaniuma, manake hizi gari ni za zamani saa hizi na nyingi zinakufa mapema sababu ya kukosea mpangilio tu.

Anza na afya ya injini. Mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, zisipishane sana, ikizidi kama asilimia 10 kati ya silinda na silinda hapo kwanza tafuta tatizo ni ringi, valvu au gasketi, habari za busti weka pembeni. Badilisha taimingi belti kama hujui ilibadilishwa lini, usiulize mara mbili. Plagi weka mpya na uwazi wake upunguze kidogo, kama milimita 0.7 hivi, kwa sababu hewa ikisukumwa kwa presha cheche inapata shida kuruka na utasikia gari inakatakata ukikanyaga.

Alafu turbo yenyewe. Injini ikiwa imepoa kabisa fungua bomba la kuingizia hewa, utaona kifeni ndani, shika ile nati ya katikati kwa vidole viwili. Kitikise kushoto kulia, kucheza kidogo sana ni kawaida, ila mapanga yasiguse ukuta. Sasa kivute na kukisukuma kama unataka kukitoa, hapo usisikie kitu, ukisikia kinacheza ujue beringi imeanza kuchoka. Kizungushe pia, kiende laini bila kukwaruza. Ukikuta bomba limelowa oili chepechepe na kwa nyuma gari inatoa moshi wa bluu, basi sili za turbo zinazozuia oili zinaweza kuwa zimeisha, ingawa na ringi zilizochoka nazo zinatoa moshi huo huo, ndo maana nikasema upime kompresheni kwanza.

Ishu nyingine ni hozi. Miaka yote hiyo kwenye joto la boneti zinakuwa ngumu, ukizikunja kidogo tu kwenye ncha unaona mipasuko midogo midogo. Mimi nilizitoa zote moja moja nikaweka za silikoni na klipu mpya, na ile sauti ya "ssss" iliyokuwa inatoka kila busti ikipanda ikapotea, gari ikaanza kuvuta mapema kabisa kuliko mwanzo. Nguvu ile ilikuwepo siku zote, ilikuwa inavujia njiani! Hayo marekebisho hayaonekani wala hayana picha ya kuonyesha watu lakini nayakumbuka kuliko yote.

Sasa geji. Geji ya busti ni ya kwanza, na kama mfuko unaruhusu weka na ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Turbo inafanya hivi: moshi wa eksozi unazungusha feni moja, feni hiyo imeungwa kwa shafti na nyingine inayosukuma hewa kwenye injini, na inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikizidi bila petroli kuongezeka, injini inaanza kugonga na pistoni inayeyuka, na hutakuwa na muda wa kushtuka. Kwa hiyo bila geji unaendesha umefumba macho.

Ukifika hapo ndo uanze kuongeza vitu, na kimoja kimoja, ukae nacho ukizoee kabla ya kuongeza kingine, vinginevyo likitokea tatizo hujui umlaumu nani. Eksozi pana kwanza, kuanzia kwenye turbo mpaka nyuma, turbo inaamka mapema na ule mlio jamani acha tu. Ila kumbuka eksozi ikipitisha moshi kwa urahisi busti inaweza kupanda yenyewe kuliko ulivyoseti, cheki geji. Kisha intakula (kile kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) ya mbele, ya kiwandani iko juu ya injini inakula joto, na hewa ya baridi ni nzito na inasaidia injini isigonge. Busti yenyewe iongeze ukishaweka pampu ya petroli ya uhakika na mtu anayejua kompyuta ya gari ameiseti. Kile kikomo cha kompyuta kinachokata petroli busti ikizidi kiliwekwa kukulinda, usikidanganye kwa vifaa vya bei rahisi.

Breki na tairi watu wanaziacha mwisho, mi nasema ziwe pamoja na eksozi, kabla ya busti. Gari inavuta kwa mbele, turbo ikiingia usukani unataka kukuponyoka mikononi, tairi mbovu hapo hazina huruma. EP82 ilikuwa na swichi ya kuchagua busti ndogo au kubwa, mvua ikinyesha nilikuwa naiacha kwenye ndogo na bado nafurahia safari.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Oili nzuri ubadilishe kila kilomita 5,000, usikanyage injini ikiwa baridi, na ukitoka kuichapa endesha taratibu dakika chache za mwisho au iache inguruma kidogo kabla hujazima, oili isije ikaungulia ndani ya turbo.

Na vifaa vya kiwandani unavyovitoa usiviuze, hata ile intakula ndogo ya juu. Vifunge vizuri uweke stoo, siku ukitaka kuirudisha gari ilivyokuwa utavitafuta mpaka uchoke.