Gari la porini kwenye propani: anza na maji ya moto

Ukibadilisha gari la porini litumie gesi ya propani badala ya petroli, usifunge kivukizi, yaani kifaa kinachoigeuza propani kuwa mvuke, popote penye nafasi tu. Propani hutoka mtungini ikiwa kimiminika, na inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi. Yasipopita ndani yake maji ya moto ya injini, kivukizi huganda na gari huzima. Kifunge chini ya usawa wa juu wa rejeta, maji yasikikimbie hata gari likilala upande. Hapo utaifurahia propani kweli, maana hakuna bakuli la petroli la kabureta la kufurika mlimani! Mtungi ujazwe asilimia 80 tu, kimiminika kipate pa kutanukia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Ukiinusa, usiguse swichi yoyote.