Kudai mshahara uliobaki hotelini Malindi: usimdai bango

Kusi lilipoingia hoteli ikafungwa, tukaambiwa tungoje msimu. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi miwili. Nimeshalipwa, lakini miezi mitano ilikwenda bure kwa kosa moja ambalo ningelirekebisha kwa nusu saa.

Piga hesabu kwanza, karatasi moja tu: mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hukuzichukua (sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka), na notisi kama uliachishwa bila notisi. Malipo ya utumishi (ya miaka uliyofanya kazi) usiyatie kama ulikuwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi niliyatia, afisa wa leba (ofisi ya kazi ya serikali) akayakata bila hata kuinua kichwa.

Ushahidi ni chochote: taarifa ya M-Pesa, jumbe za meneja za WhatsApp. Mimi nilikuwa na picha ya ratiba ya zamu iliyobandikwa jikoni, doa la mchuzi limekaa karibu na jina langu. Mkataba wa maandishi ukikosekana usirudi nyumbani, maana kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na asipouleta ni juu yake kukanusha unayodai.

Sasa jina. Kwenye barua ya madai na kwenye fomu ya leba niliandika jina lililo kwenye bango la getini, lile lenye pomboo. Nani asingeandika hilo? Barua ya kwanza askari wa geti aliikataa. Ya pili ilipokelewa, kisha siku ya kikao akaja wakili wao, kanyoosha tai, akasema mwajiri wa jina hilo hayupo duniani. Afisa akanitazama: "Kijana, unamdai bango?"

Hoteli ni ya kampuni, na kampuni ina jina lake. Jina hilo lipo kwenye karatasi ya mshahara kwa maandishi madogo, au kwenye taarifa yako ya NSSF, mstari wa mwajiri. (Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba makato yangu hayakuwa yakifika, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Ukilikosa kote, lipa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utafute kwenye usajili wa kampuni. Kisha andika barua upya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Leba hawatozi kitu. Foleni tu, na faili lako kutafutwa chini ya mafaili ya wenzako. Ukidai umefukuzwa isivyo haki, peleka malalamiko ndani ya miezi 3.

Wakikuita "tuyamalize", soma karatasi kabla ya noti. Yangu ilisema nimepokea haki zangu zote, na juu yake nusu ya deni. Niliandika kwa mkono "sehemu ya deni" ndipo nikatia sahihi. Meneja alinuna, akalipa.

Mazungumzo yakirefuka, kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka 3 kufika mahakamani, na barua za kubembelezana hazisimamishi hesabu hiyo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo hapa Malindi. Mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hakimu aliyeidhinishwa huisikiliza kesi. Unaweza kwenda bila wakili.

Cheti cha utumishi kidai siku hiyo hiyo. Mimi nilisahau, nikarudi kwa yule yule askari wa geti.